Januari 27: Kwa nini dunia inakumbuka mauaji ya Wayahudi?

Kila ifikapo Januari 27, katika taarifa zetu za habari mnasikia viongozi wakiweka mashada ya maua na kusimama kimya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na utawala wa Wanazi wa Ujerumani. Hapa tunaeleza siku hiyo ilitoka wapi na inafundisha nini.

Tarehe hiyo mwaka 1945, wanajeshi wa Umoja wa Kisovieti waliikomboa kambi ya Auschwitz, iliyojengwa na Wanazi nchini Poland. Humo peke yake walikufa watu wapatao milioni 1.1, karibu milioni moja wakiwa Wayahudi. Barani Ulaya kwa jumla waliuawa Wayahudi wapatao milioni 6. Mwaka 2005 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitangaza kuwa siku ya kimataifa ya kumbukumbu na kuzihimiza nchi kuwafundisha vijana historia hiyo.

Mauaji hayo yalitanguliwa na maneno. Wanazi walidai Wayahudi ndio chanzo cha shida za Ujerumani. Walipoingia madarakani mwaka 1933, waliwataka watu wasusie maduka ya Wayahudi. Mwaka huohuo ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu ili propaganda yao ifike majumbani. Mwaka 1935 sheria iliwavua Wayahudi haki za uraia. Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto. Mauaji ya halaiki yalifuata wakati wa vita.

Kumbukumbu haiishii kwenye hotuba. Katika miji mingi ya Ulaya, mbele ya nyumba walimoishi waathiriwa, vimepachikwa chini vibao vya shaba vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja kikiwa na jina la mtu mmoja. Msanii Mjerumani Gunter Demnig alianza kazi hiyo miaka ya 1990. Mpita njia akiinama kusoma, anakutana na jina la mtu aliyekuwa jirani wa wenzake.

Sisi wa redio somo hili linatugusa. Mwaka 1994 nchini Rwanda, redio RTLM iliwaita Watutsi mende na kuchochea mauaji ya kimbari. Leo chuki dhidi ya Wayahudi, au dhidi ya kabila lolote, husafiri pia kwa simu. Ukipokea ujumbe unaoitwika jamii nzima lawama, uliza nani kausema na ushahidi uko wapi. Usipouona, usiusambaze.