Asili ya Kitu Kujitaja katika Lugha za Kompyuta

Katika uandishi wa programu unaojengwa kwa vitu, ambapo kitu ni fungu la data lililoshikamana na maagizo ya kuitumia, kila kitu kina namna ya kujitaja chenyewe, na namna hiyo iliasisiwa Oslo, nchini Norwei. Huko, katika Kituo cha Kompyuta cha Norwei, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl walibuni lugha ya Simula miaka ya 1960 ili kuigiza ndani ya kompyuta mienendo ya foleni na shughuli nyingi zinazokwenda kwa pamoja. Toleo la 1967 lilileta klasi, yaani kiolezo kimoja kinachozalisha vitu vingi vya aina moja, na pamoja nayo likaja swali gumu: iwapo meli mia zinaongozwa na maagizo yaleyale yaliyoandikwa mara moja, maagizo hayo yatajuaje yanaihudumia ipi?

Kwa data za ndani swali hilo lilijibika kimyakimya, kwa kuwa jina lililotajwa ndani ya klasi lilihesabiwa kuwa la kitu kinachotenda. Ugumu ulijitokeza pale kitu kilipotakiwa kujikabidhi kwa kingine, na hapo Simula ikaweka neno “this”, likifuatwa na jina la klasi. Matumizi yake yanaonekana vizuri katika maktaba ya foleni ya lugha hiyo, ambamo kila kilichopangwa huhifadhi marejeo mawili, moja la kilicho mbele na jingine la kilicho nyuma. Kichwa cha foleni, kinapoundwa kabla hakijapata mfuasi, hujaza nafasi zote mbili kwa kujitaja chenyewe, hivyo foleni tupu huwa duara la kitu kimoja, na maagizo ya kuunga au kuondoa hayahitaji tawi la pekee kwa ajili ya foleni isiyo na kitu. Mfano huo mfupi unatosha kuthibitisha kwamba kujirejelea ni nguzo ya ujenzi wenyewe.

Uwezo huo ulipanuka zaidi miaka ya 1970 katika maabara ya Xerox, Palo Alto, ambako Alan Kay, Dan Ingalls na wenzao walibuni Smalltalk, lugha ambayo vitu vyake hutumiana ujumbe na ambayo hutumia neno “self”. Klasi ya mzazi, yaani ile ambayo klasi nyingine hurithi maagizo yake, inapotuma ujumbe kwa “self”, utafutaji wa maagizo huanzia kwenye klasi ya kitu kilichopokea ujumbe wa awali, hata kama mstari wenyewe umeandikwa kwa mzazi, na kwa sababu hiyo klasi mrithi huweza kubadili mwenendo iliourithi bila kugusa hata herufi moja ya mzazi wake.

Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula alipokuwa Cambridge, alianza mwaka 1979 katika maabara za Bell kazi iliyozaa C++, akalichukua neno “this”, ila akalifanya kielekezi, yaani anwani ya mahali kitu kilipo katika kumbukumbu ya kompyuta. Kwa miaka kadhaa mwandishi wa programu aliruhusiwa hata kuibadili anwani hiyo ili ajipangie kumbukumbu mwenyewe, desturi ya hatari ambayo toleo la 1989 liliipatia mbadala ulio salama zaidi.

Guido van Rossum, katika Python iliyotolewa 1991, alitaka kujirejelea kuonekane: kitu huorodheshwa waziwazi kuwa kigezo cha kwanza cha kila mbinu, yaani fungu la maagizo ya kitu, na “self” ni jina la mazoea tu. JavaScript, aliyoiunda Brendan Eich mwaka 1995, ilishika njia yenye utata zaidi kuliko zote, kwa sababu maana ya “this” huamuliwa na jinsi utaratibu, yaani fungu la maagizo, unavyoitwa, hivyo utaratibu uliochomolewa kwenye kitu chake na kukabidhiwa kwingine humpoteza mwenyewe. Waandishi wa programu walizoea kulihifadhi rejeo hilo katika kigeu cha pembeni, hadi kiwango cha 2015 kilipoleta taratibu za mshale, ambazo huchukua “this” ya mahali zilipoandikwa.