Tafuta moto kwanza: trekta la Iramba na mzimu wa Kongwa

Ndugu zangu, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Singida, wilayani Iramba, nikifuatilia habari ya alizeti. Hiyo mtaisoma gazetini. Hii ya leo haikupata nafasi huko, kwa hiyo naiweka hapa.

Kijijini nilikuta watu wamelizunguka trekta aina ya Ferguson, lile dogo la kijivu linalotumia petroli, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya mwaka 1946 na 1956. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha juzi yake. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua, na udongo ukikauka tena plau haizami. Mzee mwenye trekta alikuwa ameshapokea pesa za kulima mashamba ya majirani wanne. Trekta haliwaki.

Fundi kijana alikuwa amefungua njia yote ya mafuta, mpaka kabureta. Si fundi mbaya, ila amezoea dizeli. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Ya petroli bila cheche ni chuma tu.

"Kijana, umetafuta mafuta. Sasa tafuta moto," mzee akamwambia.

Wakaanza upya. Betri: vichwa vyake vilikuwa na ukungu mweupe, wakavikwangua na kukaza nyaya. Halafu wakachomoa plagi moja, wakairudisha kwenye waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. Mzee akasukuma gia hadi alama ya S, maana Ferguson hili huwashwa kwa mti wa gia. Injini ikazunguka vizuri. Cheche hakuna.

Wakafungua kofia ya distributa. Platini zilikuwa nyeusi, na kile kiguu kinachozifungua kilikuwa kimelika, kwa hiyo hazikuachana inavyotakiwa. Zisipoachana, umeme kwenye koili haukatiki, na usipokatika ghafla hakuna cheche. Mzee akazipiga msasa, akazipangusa, akaweka nafasi ndogo kama unene wa kadi ya biashara. Safari hii plagi ikatoa cheche ya bluu.

Nilimuuliza Mzee alijifunzia wapi. "Kwa baba. Yeye aliujulia Kongwa."

Wengi wetu tulisoma habari za Kongwa shuleni kwa mistari miwili. Mwaka 1947 Waingereza, wakiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, walianza mradi wa karanga. Lengo lilikuwa ekari zaidi ya milioni tatu. Kongwa ilikuwa Jimbo la Kati, jimbo lile lile lililokuwa na Singida, Iramba na Manyoni.

Matrekta mapya hayakupatikana, wakanunua mabaki ya jeshi, mengi kutoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mengi yalifika yamechoka, vipuri havitoshi, na madereva walifundishwa harakaharaka. Kabla mwaka 1947 haujaisha, zaidi ya nusu yalikuwa hayafanyi kazi. Mizizi ya vichaka na mibuyu ikamaliza yaliyobaki, na kiangazi udongo ukawa mgumu kama saruji. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mradi, ikiwa imefuta pauni zaidi ya milioni 30.

Kuna jambo dogo linalonichekesha na kunisikitisha. Caterpillar kubwa za dizeli za enzi hizo ziliwashwa na injini ndogo ya petroli ya pembeni, yenye magneto. Magneto ikigoma, tani nyingi za chuma zinalala porini kwa kukosa cheche moja.

Tungejifunza? Baada ya uhuru tulianzisha makazi ya vijiji yenye matrekta na mikopo mikubwa. Mwaka 1966 serikali yetu wenyewe iliuachia njiani mpango huo, kwa kuwa gharama zilizidi mavuno. Kila mara tulihesabu matrekta yaliyoshuka bandarini. Nani alihesabu mafundi?

Kwa maoni yangu, Kongwa iliacha kitu kimoja ambacho hakimo kwenye vitabu: vijana wa Jimbo la Kati waliojua kutafuta moto. Ujuzi huo haukuandikwa. Umetoka kwa baba kwenda kwa mtoto, na sasa uko kwa mzee mmoja mwenye macho yasiyoona vizuri.

Trekta liliwaka saa nne asubuhi, na jioni shamba la kwanza lilikuwa limelimwa. Lakini Mzee alinivuta pembeni. Platini kuungua namna ile, alisema, ni dalili kwamba kondensa imekufa, na kondensa nyingine hana. Zitaungua tena. Mashamba matatu bado.

Nilipoondoka, fundi kijana alikuwa ameazima kalamu yangu, anachora distributa nyuma ya pakiti ya sigara. Sikuidai kalamu.

Haya wadau, kwenu nani anajua kutafuta moto, na mmeshamuuliza?