Vipimo vipya katika ndege kongwe: idhini hutangulia ununuzi

Juu ya Busanza, jirani na uwanja wa ndege wa Kigali, ndege hupita mchana kutwa. Katika ndege ndogo za zamani, kipimo cha mwinamo hutegemea gurudumu dogo linalozungushwa kwa pampu ya hewa. Pampu ikiharibika, gurudumu hupungua kasi na kipimo hudanganya polepole; mawinguni, hilo ni hatari kuliko kuzimika ghafla.

Vipimo vya kielektroniki, kama Garmin G5 iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, havihitaji pampu hiyo. Lakini idhini huambatana na orodha ya aina za ndege. Isiyomo huhitaji idhini yake. Kwa ndege yenye usajili wa 9XR, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Rwanda ndiyo yenye kauli.