Shule Isiyoonyeshwa: Kasubi, Mafunzo ya Sanaa za Maonyesho na Hamu ya Zamani Nchini Uganda, 1966–2023

Mfululizo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Fame ulianza kuonyeshwa Januari 1982 na kukoma 1987. Ulihusu vijana wa shule moja ya sanaa za maonyesho mjini New York, ambao waliimba, walicheza, waligombana na walimu wao, kisha wakarudi mazoezini. Watazamaji waliokuwa vijana wakati ule sasa wana wajukuu, na aghalabu huuzungumzia mfululizo huo kama mtu azungumziavyo shule aliyosoma mwenyewe. Jambo hilo ndilo chanzo cha makala hii. Hamu ya zamani ya namna hii hailengi nyimbo na mavazi pekee. Inalenga taasisi, yaani mahali ambapo jamii imekubali kwamba kijana anaweza kufundishwa ngoma kwa bidii ileile anayofundishwa hesabu.

Taasisi hiyo ilikuwapo kweli. Shule iliyoigwa ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940, ikawa shule ya umma iliyogharimiwa na mji, na wanafunzi waliingia kwa kujaribiwa vipaji vyao. Wakuu wa elimu wa New York walikataa filamu ya Alan Parker ya 1980, iliyozaa mfululizo huo, isipigwe ndani ya majengo yake, ikapigwa kwingineko. Kwa hiyo hata huko picha na shule vilikuwa vitu viwili. Tofauti na kwetu ni kwamba vyote viwili vilidumu. Uganda ilipata shule za namna hiyo zaidi ya moja, lakini kila ilipopata, ama ilivunjwa ama haikuonyeshwa.

Hoja hiyo inaonekana vizuri zaidi mtu akisimama Kasubi. Mtaa huu uko kaskazini-magharibi mwa Kampala, kandokando ya Barabara ya Hoima, wenye soko, stendi za bodaboda na maduka yaliyosongamana. Juu yake kuna kilima cha makaburi ya makabaka wa Buganda. Upande wa mashariki, mwendo mfupi tu, kuna Nakulabye na Kikoni, wanakopanga vyumba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Wageni huletwa kilimani kuona paa la nyasi. Ni wachache wanaoelezwa kwamba katika eneo hilohilo imo Ndoga-Obukaba, nyumba ya ngoma za kifalme, na kwamba ikulu ya Kiganda ilikuwa pia shule ya muziki.

Kabaka Muteesa wa Kwanza alijenga ikulu yake Kasubi mwaka 1882, na alipofariki 1884 alizikwa papo hapo. Mwanga, Daudi Chwa na Muteesa wa Pili walimfuata. Wapigaji wa ikulu walipokezana zamu, na kijana alijifunza kwa kuketi kando ya mzee hadi mkono wake ukaaminiwa. Mfano ulio bora ni entenga, ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti. Watu wanne huzipiga 12 za wimbo, na wawili huzipiga 3 zilizobaki. Hakuna awezaye kuupiga wimbo huo peke yake. Anayeijua sehemu yake bila kuzijua za wenzake hajui kitu. Tusiitukuze ikulu kupita kiasi, kwani mpigaji alikuwa mtumishi wa mfalme na hakuwa na mtaala wa kumlinda. Hata hivyo, kama shule maana yake ni utaratibu wa kuhamisha ujuzi kutoka kizazi hadi kizazi, hii ilikuwa shule.

Shule hiyo ilivunjwa tarehe 24 Mei 1966, majeshi ya serikali ya Obote yalipoishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka alikimbilia Uingereza, wapigaji wakatawanyika, na entenga ikanyamaza. Muteesa wa Pili alifariki London mwaka 1969.

Mwaka 1971 unastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko wanahistoria wa siasa walivyozoea. Ni mwaka wa mapinduzi ya Idi Amin, na ndivyo unavyokumbukwa. Lakini mwaka huohuo mwili wa Muteesa ulirejeshwa na kuzikwa Kasubi, katika utawala ulioutafuta moyo wa Waganda kwa mazishi hayo. Mwaka huohuo Makerere ilianzisha idara ya muziki, dansi na drama. Na mwaka huohuo Byron Kawadwa alitoa Oluyimba lwa Wankoko, tamthilia ya muziki kwa Kiganda iliyozungumzia ikulu na uchu wa madaraka, huku Wassanyi Serukenya akiwa mtunzi wa muziki wake. Ndani ya miezi michache, basi, ikulu iliyofungwa ilirudi kwa sura tatu: kaburi, darasa na jukwaa. Sidai kwamba mambo haya matatu yalipangwa pamoja. Ninadai kwamba yaliwajia watu walewale, na kwamba aliyekuwa na miaka ishirini Kampala mwaka ule alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba sanaa ya maonyesho ingekuwa kazi ya maisha.

Robert Serumaga, msomi wa uchumi aliyegeukia jukwaa, alichukua vijana waliomaliza shule, akawafunza mwili, sauti na ngoma kwa nidhamu kali, na kundi lake la Abafumi likazunguka nchi za ng'ambo. Hiyo ndiyo hadithi ya Fame, miaka kumi kabla ya Fame, bila kamera ya kuifuata kila juma. Kawadwa naye aliongoza Jumba la Maonyesho la Taifa. Mwanzoni mwa 1977 Wankoko ilipelekwa Lagos kuiwakilisha Uganda katika tamasha la sanaa za watu weusi na Waafrika. Waliporejea, Kawadwa alikamatwa katika jumba alilolisimamia, akauawa. Serumaga aliingia katika mapambano ya kumwondoa Amin na kufariki Nairobi mwaka 1980.

Kwa hiyo vijana wa New York walipoanza kucheza katika televisheni mwaka 1982, walimu wawili waliokuwa na uwezo wa kuijenga shule kama hiyo Kampala walikuwa wamekwisha kufa, vita vya Luweero vilikuwa vimeanza, na familia nyingi za Uganda zilikuwa uhamishoni Nairobi na London. Rose Mbowa aliushika uzi huo Makerere, na mwaka 1987, mfululizo wa Marekani ulipokoma, alitunga Mother Uganda and Her Children, mchezo uliounganisha nyimbo na ngoma za jamii mbalimbali za nchi iliyotoka vitani. Kwa wakazi wengi wa Kampala, lakini, kumbukumbu tamu za miaka ile ni za Jimmy Katumba na kundi la Ebonies, lililoanza kwa kuimba na baadaye likaingia katika maigizo na tamthilia za televisheni. Ebonies walipendwa kwa haki. Ila walichoonyesha kilikuwa kazi iliyokwisha kuiva. Mazoezi yake, pale mtu anapokosea na kurudia, hayakuonekana.

Hapa ndipo suala la kumbukumbu linapogeuka kuwa la sera. Televisheni ya Uganda ilianza 1963, na 2005 ikaingizwa katika shirika la utangazaji la UBC. Katika majengo ya shirika hilo vilipatikana vipande takriban 70,000 vya filamu za picha, vilivyopigwa na wapiga picha wa serikali. Vyuo vikuu vya Michigan, Western Australia na Makerere vilishirikiana na UBC kuvihifadhi kidijitali, na baadhi vikaonyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Kazi ile imetupa sura ya Amin kwa wingi wa kutosha. Washauri wa sera wanaosoma makala hii waulize kwa nini ukumbi wa mazoezi haujawahi kupewa uzito huo katika mipango ya hifadhi.

Suala la pili ni mshahara. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa 2020 umeweka sanaa za maonyesho kuwa somo la kuchagua, hatua ambayo Kawadwa angeifurahia. Miaka miwili baadaye mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, huku mwenzake wa sanaa mwenye shahada ileile akibaki karibu na milioni moja. Walimu wa sanaa waligoma Juni 2022. Kijana wa Kikoni husoma tofauti hiyo kwa haraka kuliko anavyosoma mtaala.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza jumba kuu la makaburi ya Kasubi. Kulijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na Septemba 2023 UNESCO iliyaondoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Jumba lilirudi kwa sababu waezekaji wa jadi walikuwa hai na waliwafundisha vijana papo hapo, paa likiwa juu yao. Entenga nayo imeanza kurudi kwa njia hiyohiyo: James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alimtafuta mpigaji mzee aliyekuwa amebaki, na mzee akaketi na vijana. Lakini Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inaweka shahada kuwa kiwango cha chini cha kufundisha. Kwa kigezo hicho mzee yule, aliyekuwa na sehemu zote sita za wimbo kichwani mwake, asingeajiriwa kufundisha ngoma katika shule yoyote ya serikali iliyo jirani na Kasubi.