Picha Iliyotangulia Kitabu: Taswira Takatifu na Sala katika Vilima vya Kangema

Msafiri atokaye mji wa Kangema akashika njia ipandayo kuelekea Kanyenyaini, akayapita mashamba ya chai yaliyofunika migongo ya vilima mpaka hewa ikawa baridi na msitu wa Nyandarua ukamkabili, hufika Tuthu, mahali ilipoanzia historia ya Wakatoliki wa nchi ya Mlima Kenya. Hapo ndipo walipowasili, tarehe 28 Juni 1902, mapadri wawili na mabruda wawili kutoka Torino, nchini Italia: Padri Tommaso Gays, Padri Filippo Perlo, Bruda Luigi Falda na Bruda Celeste Lusso, na kesho yake, sikukuu ya Mitume Petro na Paulo, ikasomwa Misa ya kwanza katika himaya ya Chifu Karuri wa Gakure, aliyewapokea. Habari hizi zimesimuliwa mara nyingi, lakini limo jambo moja ndani yake ambalo aghalabu hupitwa mbio, nalo ni kwamba wageni wale wanne walitumwa na padri ambaye kazi yake, kabla ya yote, ilikuwa kutunza nyumba ya picha.

Padri huyo ni Giuseppe Allamano, aliyetangazwa kuwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Tangu mwaka 1880 hadi alipofariki mwaka 1926 alikuwa msimamizi wa kanisa la hija la Bikira Maria Mfariji, ambaye Wataliano humwita Consolata, na shirika lake la wamisionari, alilolianzisha tarehe 29 Januari 1901, alilipa jina hilo hilo. Ndani ya kanisa lile imetundikwa taswira ya Bikira Maria aliyejitanda shela ya buluu iliyokoza, amempakata Mtoto Yesu, naye Mtoto ameinua mkono wake wa kuume kubariki. Wenyeji wa Torino hupokezana hadithi ya kipofu mmoja kutoka Briançon, aliyeoteshwa kwamba iko picha iliyofukiwa chini ya vifusi vya kanisa bovu, akaifuata kwa kupapasa njia nzima kuvuka milima, na ilipofukuliwa, tarehe 20 Juni 1104, akapata kuona. Sisi hatukuwapo, na wanahistoria wana maneno yao. Lakini haikosi maana kwamba mji ule uliichagua hadithi ambayo zawadi yake ya kwanza ni macho.

Mwaka 1904 Torino ilisherehekea miaka 800 ya kupatikana kwa picha ile, na Allamano alikuwa ameshughulika kulikarabati na kulipamba kanisa lake kwa ajili ya siku hizo. Mwaka huo huo, mwanzoni mwa Machi, wanafunzi wake walikutana Murang'a, mji ambao Waingereza waliuita Fort Hall, wakashauriana namna ya kuhubiri: kuwatembelea watu vijijini mwao, kuwatibu wagonjwa, kufundisha katekisimu na kuwaandaa makatekista. Vitabu vilikuwa vichache na wasomaji wachache zaidi. Gazeti lao la Kikuyu, Wathiomo Mukinyu, halikuanza kuchapwa ila mwaka 1916, yaani miaka 14 baada ya Misa ya Tuthu. Katika muda huo wote, mtu aliyetaka kujua Yesu alizaliwaje na akafaje hakuwa na la kufanya ila kusikiliza na kutazama.

Na hapa ndipo penye ugumu ambao wageni wale, waliokulia katika nchi ambayo kila kichochoro kina Bikira Maria wake ukutani, huenda hawakuutambua upesi. Wakikuyu walikuwa wakisali karne nyingi bila picha yoyote. Wazee walikusanyika chini ya mti wa mugumo, wakatoa dhabihu ya mwana-kondoo, wakainua mikono na kuelekeza nyuso zao Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Mungu wao, Ngai, hawakumchonga wala kumchora, na mlima wenyewe haukuwa sura yake bali mahali pa makao yake. Kwa upande huu Mkikuyu wa Kangema alifanana na Muislamu wa Lamu kuliko alivyofanana na Mkristo wa Torino. Kumwambia mtu kama huyo apige magoti mbele ya karatasi yenye rangi si jambo dogo, na yeyote asemaye kwamba watu walivutwa na picha kwa kuwa zilikuwa mpya na za kupendeza, hajawafikiria wazee wale kwa taadhima wanayostahili.

Kanisa lenyewe liliwahi kugombana vikali juu ya suala hili, tena kwa kumwaga damu. Katika karne ya nane wafalme wa Konstantinopoli waliamuru picha takatifu zivunjwe, na ajabu ya mambo ni kwamba mtetezi mkuu wa picha hizo, Yohane wa Damasko, aliandika bila kuguswa kwa sababu aliishi katika milki ya makhalifa wa Kiislamu, mbali na mkono wa mfalme Mkristo. Mtaguso wa pili wa Nikea, mwaka 787, ndio uliotoa hukumu: ibada ya kuabudu ni ya Mungu peke yake, ilhali picha hupewa heshima, na heshima hiyo haikomei kwenye ubao na rangi bali humwendea yule aliyechorwa. Mtaguso wa Trento ulikariri hayo mwaka 1563. Kwa hiyo mzee wa Tuthu aliyeona haya kusujudia karatasi alikuwa na haki, na katekista aliyemwambia kwamba hakuombwa kuisujudia alikuwa na haki pia.

Basi picha ina kazi gani katika sala? Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye kitabu chake cha mazoezi ya kiroho kilipata idhini ya Baba Mtakatifu mwaka 1548, alimtaka mwenye kutafakari aanze kwa kupaona mahali: akitafakari safari ya kwenda Bethlehemu, aitazame njia kwa macho ya moyo, urefu wake na upana wake, kama ni tambarare au inapita mabondeni na vilimani. Hapo mkulima wa Kangema hahitaji mwalimu, maana njia ya kupanda na kushuka anaijua kwa magoti yake. Picha humsaidia kukaa pale bila fikira kutangatanga. Huitazama kwanza nzima, kisha hushika kitu kimoja, mkono wa Mtoto au jicho la Mama, akadumu nacho mpaka kutazama kugeuke kuwa maneno, au maneno yaishe. Anayesali Rozari hufanya vivyo hivyo: midomo inazungusha Salamu Maria, na moyo unakaa ndani ya tendo linalotajwa.

Njia ya Msalaba ndiyo shule kubwa zaidi ya namna hii ya kusali, nayo ilienezwa na Wafransisko kwa ajili ya watu wasioweza kuhiji Yerusalemu. Baba Mtakatifu Klementi wa kumi na mbili aliweka hesabu ya vituo kuwa 14 mwaka 1731. Kwa desturi ya Kanisa kitu kinachobarikiwa katika kila kituo ni msalaba wa mti, na picha ni nyongeza tu. Hata hivyo, ziondoe picha ukutani siku ya Ijumaa ya Kwaresima uone kama waumini hawatauliza zimekwenda wapi.

Mwaka 1916, karibu na mwisho wa maisha yake, Chifu Karuri alibatizwa akaitwa Yosefu, na mkewe Wanjiru akapewa jina la Consolata. Ndivyo jina la picha ya Torino lilivyoingia katika nyumba ya mwenyeji wa kwanza wa wamisionari, na tangu hapo limeitwa na kuitikiwa katika vilima hivi, hata wengi hawalihesabu tena kuwa jina la ng'ambo.

Lakini uso ulibaki wa ng'ambo, na aliyethubutu kuubadili katika eneo hili hakuwa Mkatoliki. Katika mji wa Murang'a, Waanglikana walijenga kanisa la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, na kuta zake akapewa kijana wa Kichaga, Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 na kusomea uchoraji Makerere chini ya Margaret Trowell. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alichora kuta tano: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Watu wote ni Waafrika, na nchi ni hii hii ya vilima na migomba. Kwa maoni yangu hakuna mahubiri yaliyotolewa Murang'a katika miaka ile yenye uzito kama kuta hizo, kwani vita vilikuwa vimewagawa watu wa nyumba moja, na mtu aliyepiga magoti pale alimwona Kristo akifa katika ardhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa amezika ndugu. Wakatoliki walipata ruhusa iliyo wazi mwaka 1963, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulipotamka kwamba Kanisa halikuchagua mtindo wa sanaa wa taifa lolote kuwa wake peke yake.

Wapo leo wanaodai kwamba, kwa kuwa ruhusa imetolewa, picha ya Torino iondoke Tuthu na kuacha nafasi kwa Maria wa Kikuyu. Nafasi na ipatikane, na wachoraji walipwe. Ila wadai hao wakumbuke kwamba picha ile hata Torino si ya Torino: iliyoko madhabahuni leo ni ya karne ya kumi na tano, nayo ni nakala ya Bikira Maria wa kanisa la Santa Maria del Popolo huko Roma, na ile ya Roma nayo ilifuata mtindo wa mafundi wa Kiyunani wa mashariki. Torino iliipokea nakala ya wengine, ikaisalia mpaka ikawa yake, na Tuthu imeanza kuisalia tangu 1902.