Arusha na ramani zake: wananchi walipoulizwa na walipoachwa

Mpango kabambe unaoongoza ukuaji wa Arusha unafika mwaka 2035. Uliandaliwa na kampuni ya Surbana ya Singapore, iliyoandaa pia mpango wa Mwanza, na eneo lake la kilomita za mraba 608 linavuka mipaka ya jiji na kuingia katika halmashauri za wilaya za Arusha na Meru. Kwa hiyo muuza nguo wa Soko la Kilombero, mkulima wa migomba wa miteremko ya Meru na mfugaji wa tambarare za kusini wote wamo katika ramani moja. Ndani yake imeonyeshwa barabara itapita wapi, viwanda vikae wapi, na shamba lipi litageuka makazi. Waulize majirani zako ni wangapi wamewahi kuiona.

Swali hilo lina umri mkubwa kuliko mpango wenyewe. Ukiifuatilia historia ya mji huu kuanzia boma la Wajerumani mpaka urasimishaji wa makazi wa miaka ya karibuni, utakuta jambo moja likijirudia: mwananchi anaitwa ramani ikiwa imeshachorwa, na anachoombwa ni kuhama, kuchangia au kupiga makofi. Lakini utakuta pia vipindi ambavyo watu wa mlima huu walikataa kupangwa bila kuulizwa. Vipindi hivyo vinastahili kukumbukwa kwa undani.

Kabla ya kuja Wajerumani, miteremko ya Mlima Meru ilikuwa na mpango wake. Wameru na Waarusha waligawana maji ya mlima kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Watu wa mfereji mmoja walikuwa na zamu zao za kufungulia maji na siku yao ya kuzibua matope, na mtu asiyetokea siku ya kazi alitozwa. Kihamba kilikaa karibu na nyumba, migomba juu, mazao mengine chini yake, na malisho yalikuwa na mahali pake. Kwa Waarusha mambo makubwa yaliamuliwa katika vikao vya rika chini ya malaigwanani, viongozi wa rika. Kwa Wameru ukoo na washili wake, yaani viongozi wa ukoo, ndio waliokuwa na sauti. Utaratibu huo ulikuwa na dosari zake, wanawake wakiwa wa kwanza kuachwa nje ya vikao. Hata hivyo aliyeamua mfereji upite wapi alikuwa ni mtu ambaye kesho yake angekunywa maji yake.

Mwaka 1896 wamisionari wawili Walutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Wajerumani wakalipiza kisasi kikali: mifugo ikachukuliwa, migomba ikafyekwa, na tarehe 2 Machi 1900 viongozi wa Kilimanjaro na Meru, Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru wakiwamo, wakanyongwa. Katika miaka hiyohiyo boma la Arusha lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Jengo lile bado limesimama mwisho wa Barabara ya Boma na leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mji wa Arusha ulianzia pale, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa umbali kutoka kwenye ngome.

Yaliyofuata yaliamua sura ya Arusha mpaka leo. Makaburu kutoka Afrika Kusini, Wajerumani na baadaye Wagiriki walipewa mashamba makubwa kuuzunguka mlima. Juu kukawa na msitu wa hifadhi, chini kukawa na mashamba ya walowezi, na wenyeji wakabaki katikati kama nyama kwenye mkate. Anayejiuliza kwa nini mji huu umejipanga kama utepe kutoka Sakina mpaka Tengeru, na kwa nini shamba la kahawa la Burka lipo palepale mlangoni mwa jiji, jibu lake liko katika hati za ardhi zilizotolewa zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Waingereza walipochukua nchi waliendeleza mgawanyo huo ndani ya mji. Uzunguni palikuwa na viwanja vipana na miti kando ya Mto Themi. Wafanyabiashara wa Kihindi walikaa katikati. Waafrika walipangiwa upande wa magharibi, Kaloleni na Ngarenaro. Mto uliotenga makazi ya Mzungu ulikuwa uleule uliopeleka taka chini kwa wengine.

Mgogoro mkubwa ulitokea nje ya mji, Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima. Ripoti ya Jaji Wilson, iliyotolewa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilipendekeza ukanda mmoja mfululizo wa mashamba ya Wazungu kati ya Meru na Kilimanjaro. Kwenye karatasi ulikuwa mpango nadhifu wa matumizi ya ardhi. Kwenye ardhi yenyewe waliishi Wameru wapatao 3,000. Waliambiwa wahamie Kingori, nao wakakataa ardhi ile na fidia yake. Novemba 1951 askari wakaingia, watu wakaondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wameru hawakuishia kulia. Walichangishana fedha, wakamchagua Kirilo Japhet kuwa msemaji wao, na kwa msaada wa wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, wakalifikisha shauri lao New York, mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, mwaka 1952. Mtanganyika alisimama mbele ya mataifa na kueleza kwamba watu wake hawakuulizwa. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu, na ardhi haikurudi wakati ule. Lakini Japhet aliporudi alizunguka nchi akisimulia, na habari ya Engare Nanyuki ikaingia katika hotuba za harakati zilizozaa TANU mwaka 1954. Mimi naihesabu kesi ile kuwa sura ya kwanza ya mjadala wa mipango ya ardhi katika mkoa huu. Wanafunzi wa mipango miji wangeisoma kabla hawajashika rula.

Uhuru ulileta matumaini makubwa. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, katika ukumbi wa ustawi wa jamii wa Kaloleni, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Ukumbi ule sasa ni makumbusho ya Azimio. Mwaka huohuo mji ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 10,000 mwaka 1957, ilihesabiwa watu zaidi ya 32,000 katika sensa ya 1967.

Miaka mitano baadaye serikali ilifuta halmashauri zilizochaguliwa na kuweka utawala wa maofisa wa mikoa na wilaya. Nia iliyotangazwa ni kupeleka madaraka mikoani. Mijini matokeo yakawa mabaya: taka zikajaa, mifereji ikaziba, kipindupindu kikaingia. Mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa haraka, na Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zikaziweka upya kisheria. Katika miaka ile isiyo na halmashauri mkazi wa Arusha hakuwa na diwani wa kumuuliza lolote kuhusu mtaa wake, huku mji ukikua mbele ya macho yake.

Mji ukajipanga wenyewe. Unga Limited, iliyochukua jina la kampuni ya kusaga nafaka, Daraja Mbili, Sombetini, baadaye Sakina na Kwa Mrombo, zilijaa watu ambao halmashauri haikuwa na viwanja vya kuwapa. Mnunuzi alikwenda kwa familia ya wenyeji, wakakubaliana bei, mpaka ukapimwa kwa hatua za miguu na kuwekewa alama ya mti au jiwe. Karatasi ya daftari ikaandikwa, mashahidi wa pande mbili wakatia saini, asiyejua kuandika akaweka dole gumba, na balozi wa nyumba kumi akagonga mhuri. Maelfu ya familia za Arusha zimesomesha watoto na kuzika wazee wao juu ya karatasi hizo. Anayewaita wavamizi hajui walivyopata ardhi yao.

Kasoro yake ilikuwa barabara. Muuzaji alikata kipande, mnunuzi akajenga mpaka ukingoni, na hakuna aliyeacha njia ya gari la wagonjwa wala mfereji wa maji ya mvua. Maji ya Meru hayasubiri kibali. Yanashuka kutoka mlima wa mita 4,566 na kupita Themi, Naura, Burka na makorongo madogo, na makorongo hayo ndiyo yaliyojengewa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, lakini ilizikuta nyumba nyingi zimeshasimama. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa na maji katika korongo la Engosengiu na wanafunzi wakapoteza maisha. Kwa mtu wa Arusha, ramani ya mifereji ni suala la uhai wa watoto.

Miaka ya 1990 ilileta namna mpya ya kuzungumza. Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, ulisisitiza kwamba mipango ianze kwa mashauriano na wadau, ukasambazwa kwenye miji mingine, Arusha ikiwamo. Baadaye ukaja utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao mtaa unakaa, unaorodhesha shida zake na kupanga vipaumbele. Sheria ya Mipango Miji Namba 8 ya mwaka 2007 ikaweka wajibu: mamlaka inayoandaa mpango iitishe mkutano wa wenye ardhi, taasisi na vikundi vya jamii katika eneo husika, na rasimu iwekwe wazi watu waikague na kutoa pingamizi.

Sheria ni nzuri. Shida ni kwamba tangazo kwenye gazeti halimfikii mama anayefungua genge alfajiri, na rasimu ya rangi kumi yenye maandishi ya kitaalamu haisomeki bila mtu wa kuifafanua.

Mahali nilipoona ushiriki wa kweli ni katika urasimishaji. Pale unapokwenda vizuri, mkutano wa mtaa unaitwa, wakazi wanachagua kamati yao, na mchoro unabandikwa ukutani. Watu wanasogea kutafuta nyumba zao kwa kidole: hapa kwa fundi, hapa kisima, hapa kanisa. Kisha inakuja kazi ngumu. Ili gari lipite, kila mmoja aachie kipande, huyu asogeze uzio, yule abomoe choo cha nje. Majirani wanabishana na kuitana pembeni, wazee wanaingilia kati, wanarudi tena kwenye mchoro. Wakishakubaliana ndipo mpima anaweka bikoni. Njia inayopatikana hivyo hulindwa na walioitoa, kwa sababu kila mmoja anajua jirani yake alipoteza nini. Kuna mitaa ambako kampuni zilichukua michango na kazi ikalala, na wizara ikalazimika kuweka ukomo wa shilingi 150,000 kwa kiwanja. Bado njia hiyo ni bora kuliko tingatinga.

Kuna jambo moja linalonisumbua zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kinapomezwa na jiji na kugeuka mtaa, mkutano wake unabaki na uwezo wa kushauri tu. Moshono, iliyokuwa sehemu ya Arumeru kabla ya kuingia jijini, imepita njia hiyo. Mwananchi analala akiwa na kura juu ya ardhi ya jamii yake, anaamka akiwa na maoni. Na mpango wa 2035 unagusa vijiji vingi vya Arusha na Meru vinavyoelekea hukohuko. Naamini mkutano mkuu wa mtaa upewe nguvu ya kisheria juu ya maeneo ya wazi, njia na vyanzo vya maji vilivyo ndani ya mtaa, kama kijiji kilivyokuwa nayo.

Haraka ipo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ilihesabu 617,631. Barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 imefungua ardhi ya kusini, na mashamba kando yake yanakatwa viwanja. Uwanja wa mpira wa Olmoti, unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027, unavuta wanunuzi upande wake. Wakati huo huo ardhi ya wazi iliyobaki katikati ya mji inahesabika kwa vidole.

Kwa hiyo, msomaji wa Arusha na wa Meru, nenda kwenye ofisi ya mtaa au kijiji chako na uombe kuonyeshwa mchoro wa eneo unaloishi. Uliza korongo lililo karibu nawe limepangiwa nini, na kiwanja wanachochezea watoto kimeandikwa kwa matumizi gani. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi, kaeni humo. Mpango ukipelekwa kufanyiwa mapitio, pelekeni pingamizi zenu kwa maandishi, mkazitunze nakala.