Manamba wa Songea: Ujira wa Mbali na Gharama Yake

Milima ya Matogoro, mashariki mwa mji wa Songea, ni chanzo cha Mto Ruvuma. Ardhi inayoizunguka hupata mvua ya kutosha kwa kilimo. Hata hivyo, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maelfu ya wanaume wa Songea waliiacha wakaenda kukata mkonge Tanga, safari ya zaidi ya kilomita 1,000.

Chanzo cha safari hizo kilikuwa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza wakaendeleza utaratibu huo, wakaongeza kodi ya kichwa. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, nayo Songea ilikuwa mbali na reli na bandari, hivyo mazao yake hayakupata soko. Vita vya Majimaji (1905–1907) na njaa iliyofuata vilikuwa vimekwisha kuudhoofisha uchumi wa Wangoni na majirani zao. Kilichobaki cha kuuza kilikuwa nguvu za mwili.

Katika mashamba ya mkonge kazi ilipimwa kwa ngwe, yaani kiasi cha kazi ya siku moja, na ujira ulihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo ngwe haikumalizika haikuandikwa, na kipande kisichojaa hakikulipwa. Miiba ya mkonge ilichoma mikono na macho, na makambi yalijaa watu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuandikisha na kusafirisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, na Songea ikawa moja ya sehemu zilizotegemewa. Wanaume wengine walipita kusini hadi machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini. Huko malipo yaliuzidi ujira wa mkonge, lakini kazi ilikuwa chini ya ardhi, penye hatari ya miamba kuporomoka na vumbi linaloharibu mapafu.

Gharama nyingine ilibebwa na waliobaki nyumbani. Kufyeka msitu na kujenga vilikuwa kazi za wanaume. Walipokuwa mbali kwa mwaka au zaidi, wake na wazee walilima wenyewe. Mtaalamu wa elimujamii P. H. Gulliver aliuchunguza uhamaji huo miongoni mwa Wangoni na Wandendeule, akachapisha matokeo yake mwaka 1955.

Uamuzi wa kwenda au kubaki ulitegemea sana kama fedha ilipatikana karibu. Wamatengo wa milima ya Mbinga, waliokuwa na kahawa, hawakulazimika kusafiri kwa wingi. Songea nayo ilipata tumbaku ya moshi, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha NGOMAT ili kuiuza. Mkulima mwenye bani lake la kukaushia tumbaku alikuwa na sababu ya kukataa ujira mkubwa wa mbali, ingawa tumbaku haikuwatosha wote.

Baada ya uhuru wa 1961, serikali ilikomesha uandikishaji wa kwenda Afrika Kusini. Mishahara ya mashambani ilipandishwa, wenye mashamba wakapunguza watu, na bei ya mkonge ikaanguka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani. Katika miaka ya 1970 bei moja ya mahindi nchi nzima na mbolea ya ruzuku ziliufanya Mkoa wa Ruvuma, ilimo Songea, kuwa miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi Tanzania. Fedha ilipoanza kupatikana shambani kwao, watu wa Songea hawakulazimika tena kuitafuta kwenye kipande.